Daktari akisema "amepona", mchezaji ana haki ya kusema "bado"?

Namba Tatu: Wakuu, juzi kijiweni nusura tumwagiane kahawa kwa swali hili, nalileta hapa.

Mnamkumbuka Derrick Rose, mcheza kikapu wa Chicago Bulls ya Marekani. Aprili 2012, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Philadelphia, kano ya goti la kushoto, ile ACL, ikakatika. Mwaka mmoja nyuma alikuwa MVP, yaani mchezaji bora, wa ligi ya NBA akiwa na miaka 22. Machi 2013 habari zikazagaa kwamba daktari ameshamruhusu. Hakucheza. Msimu ukaisha amevaa suti, wenzake wakitolewa na Miami. Alitukanwa huyo!

Mimi nasema alikuwa na haki. Nami nilikatika kano hiyohiyo kwenye ndondo. Goti likapona, lakini kila mpira wa kugombea mguu unabaki nyuma wenyewe. Na anayeingia nusunusu ndiye anayevunjika.

Kocha Mstaafu: Pole, kijana. Ila malizia kisa. Rose alisubiri miezi 18, karudi, na Novemba 2013 gegedu la goti la kulia likachanika. Kusubiri kulimsaidia nini? Na mshahara ulikuwa unaingia. Kila mtu akingoja roho yake itulie, Jumapili nitapanga watu saba.

Namba Tatu: Shikamoo kocha. Hilo lilikuwa goti jingine, si lile alilokuwa analiogopa.

Dada wa Fizio: Kocha, kwa heshima, hofu si uvivu. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha tafiti nyingi ulikuta waliopasuliwa ACL, asilimia 81 hurudi kucheza kwa namna fulani, lakini waliorudi kwenye ushindani ni 55 tu. Pengo hilo huwezi kulieleza kwa goti peke yake. Lipo dodoso la maswali 12, ACL-RSI, linapima hofu na kujiamini, halina habari na misuli. Shida ni nani anauliza. Nikimuuliza mchezaji kocha akiwa mlangoni, "niko fiti, dada." Tukibaki wawili, machozi.

Ila wanaoninyima usingizi si waoga. Ni wale walio mwezi wa sita tu baada ya upasuaji wanaoapa wako tayari, kwa sababu namba yao imeshachukuliwa. Kwa hiyo mimi nagawa: "bado" yake iheshimiwe hata daktari akiruhusu. "Tayari" yake peke yake, hapana.

Kocha Mstaafu: Mbona David Rudisha, yule Mkenya wa mita 800? Goti lilimkosesha mashindano ya dunia Moscow 2013. 2014 Glasgow, Michezo ya Jumuiya ya Madola, kapigwa na Nijel Amos wa Botswana. 2015 dhahabu Beijing, 2016 dhahabu Rio. Alirudi, akashindwa, akapona humohumo kwenye kukimbia. Hofu inaishia uwanjani, binti yangu, haiishii kitandani.

Namba Tatu: Kocha, kwenye mita 800 kuna beki anayekusubiri na njumu?

Kocha Mstaafu: Hapo umenikamata. Haya, na mshahara je?