Uzamili Ujerumani au Uingereza: fedha za karafuu tuzipange vipi?

Mzazi wa Wete

Assalamu alaykum. Binti yangu amemaliza shahada ya kwanza SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na amepata nafasi mbili za kusoma uzamili: moja Ujerumani, katika chuo cha serikali, kwa miaka miwili, na nyengine Uingereza, nje ya London, kwa mwaka mmoja. Kipato chetu kikubwa ni karafuu, na mshahara wangu wa ualimu hujazia masurufu ya nyumbani. Wajomba zake wawili walioko Unguja wameahidi kuchangia. Kwa hesabu yangu Ujerumani ni nafuu kwa kuwa hakuna ada, lakini kila ninayemuuliza hunitajia kiasi tofauti. Naomba wenye uzoefu wanieleze ni fedha zipi lazima ziwepo kabla hajaondoka, zipi zinaweza kusubiri, na shilingi zetu tuzigeuze lini.

Mwanafunzi Ujerumani

Wa alaykumu salaam. Shikamoo mwalimu.

Kwanza hakikisha chuo chenyewe kiko jimbo gani. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg, ambako iko miji ya Heidelberg, Freiburg na Stuttgart, hutoza yuro 1,500 kwa muhula kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kimeanza kutoza wanafunzi wapya wa uzamili yuro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Kwengine utalipa mchango wa muhula tu.

Kabla ya viza, binti atatakiwa kuweka yuro 11,904 katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo humfungulia yuro 992 kila mwezi. Fedha hizo ni zake na atazila mwenyewe. Ubalozi unachotaka ni uhakika kwamba zipo. Wazazi wengi hukiona kiasi hiki wakadhani bajeti imekamilika, na hapo ndipo wanapobanwa, kwa sababu akaunti haifunguki siku anaposhuka kwenye ndege. Kwa kawaida inambidi kwanza aandikishe anwani yake katika ofisi ya mji na afungue akaunti ya benki ya huku. Anwani haandikishi bila ya chumba, na chumba hapewi bila ya amana, ambayo kisheria inaweza kufikia kodi ya miezi mitatu. Kwa hiyo wiki zile za mwanzo, ambazo ndizo zenye gharama kubwa kuliko zote, ataishi kwa fedha nyengine kabisa. Mtengee kodi ya mwezi wa kwanza, amana, nguo za baridi na chakula, mbali na zile 11,904.

Katika zile 992, bima ya afya peke yake itachukua karibu yuro 140 au zaidi. Kuna pia mchango wa redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila makaazi, ambao barua yake humfikia mtu hata kama hana televisheni. Wakiishi watu watatu nyumba moja hulipa mchango mmoja wakagawana. Aombe dakhalia ya wanafunzi mapema, siku ile ile atakapothibitisha nafasi, kwa sababu foleni yake ni ndefu na kodi ya nje ni kubwa zaidi, hasa Munich.

Mama wa Mlandege

Mwalimu, mimi nitasema la Uingereza, kwa kuwa mwanangu amepitia njia hiyo. Huko tatizo kubwa kwa familia zetu ni wajomba. Fedha za kuonesha unapoomba viza lazima ziwe katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi au ya mlezi wa kisheria. Mjomba hahesabiwi hata kama ndiye aliyemlea kwa mapenzi yake. Tena lazima zikae siku 28 mfululizo bila ya kushuka chini ya kiasi kinachotakiwa, hata kwa siku moja. Kwa hiyo ahadi ya mjomba haina thamani mpaka iingie benki, na iingie mapema.

Kiasi chenyewe, kwa nje ya London, ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani pauni 10,539, juu ya ada ya mwaka ambayo bado hajailipa. Malipo ya huduma ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, lakini viza ya uzamili wa mwaka mmoja huongezwa miezi kadhaa, kwa hiyo hulipwa pauni 1,164, zote kwa mkupuo pamoja na maombi, na huwezi kuzilipa kidogo kidogo. Usisahau kipimo cha kifua kikuu na safari za Dar es Salaam. Kutoka Pemba ni boti mbili kwenda na mbili kurudi, na malazi juu yake.

Mkulima mstaafu, Chake Chake

Wenzangu wameeleza vizuri, ila naona miaka miwili haijahesabiwa sawasawa. Mwaka wa kwanza ukimalizika ile akaunti ya Ujerumani itakuwa tupu, na binti akienda kuongeza kibali cha kuishi ataulizwa tena fedha za mwaka unaofuata. Maana yake unatafuta yuro 11,904 mara mbili. Mkarafuu nao mwalimu unaujua: huzaa sana mara moja katika kila miaka minne hivi, kisha hupumzika. Ikiwa msimu huu ndio mkubwa, usitumie mavuno yote kwa mwaka wa kwanza ukategemea msimu ujao ulipe wa pili.

Kuhusu kugeuza shilingi, dola ilikuwa karibu na shilingi 2,300 mwaka 2022, na katikati ya 2024 ikapita 2,600, halafu ikashuka. Hakuna ajuaye itakwenda wapi. Kwa zile yuro 11,904, kila yuro ikipanda kwa shilingi 100 unaongeza zaidi ya shilingi 1,190,000. Mimi ningegeuza sehemu kila ninapolipwa na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nikaziweka katika akaunti ya fedha za kigeni. Asiyetaka kugusa riba atapata huduma ya Kiislamu PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar.

Mzazi wa Wete

Ahsanteni sana. Je, binti akifanya kazi huko, mwaka wa pili hauwezi kujilipia?

Mwanafunzi Ujerumani

Ujerumani sheria inamruhusu siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, na Uingereza saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Lakini mwalimu, usiiweke kabisa kazi hiyo katika hesabu ya mwaka wa kwanza. Kazi nyingi za wanafunzi hudai Kijerumani hata kama masomo ni ya Kiingereza, na miezi ya mitihani mtu hapati muda. Mwaka wa pili unaweza kuhesabu nusu ya masurufu yake, ikiwa ameanza lugha akiwa bado Wete. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, kwa kozi za maendeleo hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo kwa sasa hauwezi kumfaa. Nitumie jina la mji na chuo, nikupe kodi za dakhalia za huko.