Nyumba imenila milioni 83, mthamini kaandika 62. Naomba kueleweshwa

Mkunga_Chanika

Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada wa mawazo, jambo hili linaninyima usingizi.

Nina nyumba Chanika, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko na stoo. Kiwanja nilinunua 2018, msingi 2019, tukahamia mwishoni mwa 2022. Kila kitu nimeandika kwenye daftari moja la kaunta, hadi misumari na hela ya kirikuu. Mfuko wa kwanza wa saruji niliununua 13,500, wa mwisho wa plasta ya nje 16,000. Nondo ya milimita 12 kwenye msingi ilikuwa 17,500. Nafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mwishoni mwa 2021, nondo ileile 25,000. Kupaua nilisubiri miezi mitano, kila nikijikusanya naikuta bei ya mabati imesogea.

Sasa nataka mkopo wa milioni 40 nipanue duka langu la dawa muhimu. Benki ilimleta mthamini aliye kwenye orodha yao, ada nikalipa mimi. Akapima nje kwa futi kamba, akapiga picha, akaangalia hati, dakika 40 akaondoka. Ripoti inasema thamani ya soko milioni 62, thamani ya kuuzwa kwa haraka milioni 43.4, na benki inasema mwisho wao ni milioni 30. Daftari langu, pamoja na kiwanja, linasoma milioni 83.

Vifaa vyote vimepanda. Kama kujenga leo ni ghali kuliko nilivyojenga mimi, nyumba yangu inakuwaje chini ya nilichotoa mfukoni?

Kipimo_cha_Haki

Dada, pole sana. Mimi ni mthamini, nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Kabla sijasema lolote, fungua ripoti kwenye ukurasa wa hesabu utuandikie: eneo la jengo, kiwango kwa mita ya mraba, uchakavu, na ardhi.

Mkunga_Chanika

Asante kaka. Imeandikwa hivi: jengo mita za mraba 110, kwa 480,000 kila moja, inakuja 52,800,000. Uchakavu asilimia 10, inabaki 47,520,000. Ardhi mita za mraba 500 kwa 22,000, milioni 11. Ukuta na shimo la maji taka milioni 3.5.

Kipimo_cha_Haki

Sawa, sasa tunaongea kitu kimoja.

Daftari lako linaeleza ulichotoa. Mthamini kazi yake ni kukadiria mtu mwingine atalipa nini leo. Kwa hiyo risiti yako ya nondo ya 17,500 haimsaidii, na ya 25,000 vilevile. Anachotumia ni gharama ya leo ya kusimamisha jengo kama hilo, kisha anapunguza uchakavu. Na hapo ndipo kupanda kwa vifaa kunapoingia: kwenye ile 480,000. Ningekuwa wewe ningeuliza swali moja tu, hicho kiwango ni cha lini? Wapo wenzetu wanaobeba kiwango kilekile miaka mitatu huku saruji na nondo zinakimbia. Inaniuma kulisema ila lipo.

Tuseme akikubali 600,000. Jengo linakuwa milioni 66, toa uchakavu inabaki 59.4, ongeza ardhi, ukuta na shimo, unafika karibu milioni 74. Lakini hiyo ni gharama, soko ni kitu kingine. Mthamini lazima ageuke aulize nyumba za vyumba vitatu zimeuzwa ngapi mtaani kwako miezi ya karibuni, zimeuzwa kweli, achana na bei inayotajwa na dalali. Kama zimeishia 60 hadi 65, hawezi kusaini 74. Mnunuzi haangalii umeteseka vipi na mabati. Anaangalia barabara, maji, na hati. Vifaa vikipanda, bei ya nyumba zilizokamilika hufuata, ila hufuata kwa kuchelewa, na mtaa wenye vumbi huchelewa zaidi.

Ile 43.4 ni asilimia 70 ya 62, ni makadirio ya benki ikilazimika kuiuza haraka. Na wao wako tayari kukukopesha kama asilimia 70 ya hiyo, ndiyo ile 30. Hapo kwenye asilimia za benki vifaa havihusiki kabisa.

Kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, ripoti lazima isainiwe na mthamini aliyesajiliwa, kwa hiyo yupo mtu wa kumwandikia. Andika kwa adabu, omba aonyeshe kiwango kimetoka wapi na ni nyumba zipi alizolinganisha nazo. Ukiweza, mpe kazi mkadiriaji majenzi, yule mtaalamu wa kukokotoa gharama za ujenzi, akutengenezee mchanganuo wa bei za sasa uambatanishe.

Fundi_Mwashi

Mama, mimi nauliza kitu kingine. Kiwanja kiko tambarare au kwenye mteremko? Nimejenga sana huko Chanika, mabonde ni mengi.

Mkunga_Chanika

Mteremko, fundi. Upande wa nyuma msingi ulikwenda kozi tisa za tofali, mbele kozi tatu. Kifusi peke yake kilikula lori kumi na moja.

Fundi_Mwashi

Basi pesa yako nyingi imelala chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Aliyepima kwa futi kamba ameona ukuta, vigae na bati, zile kozi tisa hajaziona. Kwa mteremko huo msingi ungeweza kukulia mara mbili ya nyumba ya tambarare yenye ramani ileile. Kama una picha za wakati wa kuchimba, mpelekee. Bila picha ataamini vipi?

Kipimo_cha_Haki

Fundi amesema kweli, na hilo mimi nilipaswa kuliuliza mwanzo. Mteremko unaweza kurekebishwa kwenye kiwango ukithibitishwa. Usitegemee kufika 83, lakini hoja unayo.

Salama_Bima

Dada, naomba niongeze la bima maana watu hulisahau. Ile 62 usiikatie bima, wala usiikatie kiasi cha mkopo peke yake. Bima ya moto inataka gharama ya kuijenga upya leo, bila ardhi, kwa sababu ardhi haiungui. Tuseme kuisimamisha upya ni milioni 75, wewe umekatia 50. Jiko likiungua, hasara milioni 12, kampuni itakulipa theluthi mbili, milioni 8, kwa sababu 50 ni theluthi mbili ya 75. Nne unatafuta mwenyewe. Vifaa vikipanda, pengo hilo linakua kila mwaka bila wewe kugusa kitu, kwa hiyo kiasi hicho kipitie kila unapohuisha bima.

Mkunga_Chanika

Mungu awabariki wote. Nimechimbua simu ya zamani, picha zipo. Moja mdogo wangu amesimama ndani ya mtaro wa nyuma, udongo unamfika mabegani, na tofali zimepangwa ukingoni. Nimezichapisha nne, Jumatatu nazipeleka pamoja na barua. Barua ya benki nimeisoma tena: bima imeandikwa milioni 30, sawasawa na mkopo. Hiyo nitaiuliza kabla ya kusaini chochote.