Mrejesho: mabomba ya mvuke jikoni, Nakuru

Ahsanteni nyote mlionijibu kuhusu mabomba ya mvuke yanayovuja jikoni kwa shule yetu hapa Nakuru. Swali lilikuwa: tuzibe matundu au tubadilishe laini nzima? Tumefanya yote mawili.

Bomba la kupeleka mvuke kutoka boila hadi kwenye masufuria ni zima. Lilivuja kwenye maungio tu, likabadilishwa gasketi (pete za kuziba maungio), basi.

Balaa lilikuwa bomba la kurudisha maji ya mvuke uliopoa. Tulipolikata, upande wa chini ulikuwa umeliwa mfereji mzima, na penye thredi (mikato ya kuungia paipu kwa kuzungusha) chuma kilibaki kama karatasi. Maji ya boila yakiwa na bikaboneti, yakichemka hutoa kaboni dioksidi. Hiyo husafiri na mvuke, kisha huyeyuka kwenye maji ya kurudi na kuyafanya asidi. Kuchomelea chuma kama hicho ni kulisha upepo. Tuling'oa yote, tukaweka paipu nyeusi (za chuma kisichopakwa zinki) za ukuta mnene, unene uitwao skedyuli 80. Za mabati tulikataa, ingawa mwenye duka alizisifia kweli kweli.

Na wewe uliyesema paipu isibanwe ukutani, Mungu akubariki. Chuma hurefuka takriban milimita 1.2 kwa kila mita joto likipanda nyuzi 100, na fundi wa kwanza alikuwa ameikaza kwa saruji pande zote!

Bado valvu moja inatiririka kidogo. Tutaifungua likizo ya Agosti, boila ikiwa imepoa.