Orodha ijiandike au isijiandike? Naombeni ushauri wakuu

Mtunza Masijala: Wakuu, habari za kazi. Nipo masijala. Tuna orodha za kila aina: za majalada, za funguo, za vifaa. Chache zimejiandika zenyewe, kwa mfano orodha ya nyaraka zote za masijala, maana nayo ni waraka. Nyingi hazijajiandika. Sasa bosi kaagiza orodha mpya iwe na orodha zote zisizojiandika, na hizo tu. Nimekwama: hii mpya niiingize humo? Nikiiingiza imejiandika, kwa hiyo haistahili kuwemo. Nikiiacha haijajiandika, kwa hiyo inatakiwa iwemo. Silali.

Pambana Daima: Hakuna kisichowezekana mkuu. Watu wamefika mpaka mwezini!

Binti Hesabu: Mwezini kulikuwa kugumu tu, ukipata chombo chenye nguvu unafika. Hii hata apewe karne nzima na kompyuta zote haitoki. Agizo lenyewe linadai kitu kiwemo na kisiwemo.

Babu Pembe: Mnanikumbusha mjomba wangu. Alistaafu akajifungia chumbani kugawa pembe yoyote ile mafungu matatu sawa kwa bikari na rula isiyo na vipimo. Mwanahisabati Wantzel alishathibitisha mwaka 1837 kwamba haiwezekani. Mjomba anasema Wantzel hakuwa na bikari nzuri.

Kipanga: Mleta uzi, kuna kitu unaficha. Bosi ulipomwambia alijibuje?

Mtunza Masijala: Sijamwambia. Kusema kweli nimeshaikabidhi. Nikasaini "imekamilika, haina pungufu". Yenyewe sikuiingiza. Lakini jamani, nani atakagua mstari mmoja? Nilikuwa nafikiria niuongeze kwa penseli, wakiuliza nafuta.

Mama Mlezi: Vijana mnasaini kwanza, akili inafuata baadaye. Saini ni heshima ya mtu.

Binti Hesabu: Penseli haikuokoi, pungufu linageuka ziada. Mwombe bosi aongeze "isipokuwa hii yenyewe". Maneno matatu, umemaliza.

Sina Presha: Hii chai. Ni fumbo la mwanafalsafa Russell la mwaka 1901. Mwaka 1902 alimwandikia mwanahisabati Frege kuhusu fumbo hilo, juzuu ya pili ya kitabu cha Frege ikiwa mtamboni, mzee wa watu ikabidi aongeze kiambatisho. Orodha hiyo haiwezi kuwepo, kwa hiyo na kisa hakijatokea. Uzi ufungwe.

Binti Hesabu: Hapo umeruka. Isiyoweza kuwepo ni orodha, siyo agizo. Nikikwambia niletee duara lenye pembe nne, sentensi haina kasoro na umeielewa. Ungekuwa hujaielewa ungejuaje kwamba huwezi kulileta? Bosi anaweza kuagiza chochote.

Pambana Daima: Duara la pembe nne si unachora tu mraba unaukunja kona?

Sina Presha: Basi mleta uzi aweke picha.

Mtunza Masijala: Ya agizo au ya orodha?

Sina Presha: Ya saini.

Mtunza Masijala: Hiyo siweki.