Naomba ushauri: mama mwenye nyumba kanialika Sharad Purnima

Wakuu, habari zenu. Nasoma Vadodara, Gujarat, huku India, na nimepanga chumba kwa bibi mmoja wa Kihindu. Sote tunamwita Ba, yaani mama. Kanialika kwenye Sharad Purnima, usiku wa mwezi mpevu wa mwezi wao wa Ashvin. Siku hiyo hufunga mchana kutwa, jioni anamwabudu Lakshmi, mungu wao wa kike wa utajiri, halafu anaanika sufuria la maziwa yenye sukari na mchele bapa juu ya paa ili yapigwe na mbalamwezi. Ndiyo ya kufungulia. Usiku kucha ni garba tu, ngoma yao ya kucheza kwa duara, kulala mapema ni kujinyima baraka.

Kufunga si lazima kwangu, ila naona aibu kushindilia wali chumbani wakati yeye anashindia matunda na maziwa. Tatizo nina vidonda vya tumbo. Je, nikila matunda kama yeye itahesabika nimemheshimu, au nimwambie ukweli tu?

La pili ni sadaka. Ba hugawa mchele, sukari na nguo kwa wasiojiweza. Nataka kuchangia. Nimeona hapa watu wanatoa rupia 101 au 501, ile moja ya juu ndiyo yenye heri. Nimpe mkononi au ninunue mchele? Wazo la kumpelekea keki nimeshalifuta, nyingi zina mayai na Ba hayagusi.

Mimi ni Mkristo, kwa hiyo waliowahi kualikwa, wakati wa ibada yenyewe mlikaa wapi? Nisaidieni, zimebaki siku nne.