Majenerali wa kibodi mtuache! Tanzania haikumpiga Amin kwa orodha ya ndege

Wanakijiji, nina hasira, na admini asinifutie uzi.

Kila Migingo ikitajwa humu, kile kisiwa cha Ziwa Victoria tunachogombania na Uganda, kuna watu hukimbilia zile tovuti za kupanga majeshi ya dunia, wananakili idadi ya ndege, vifaru na meli, wanatubandikia, kisha wanatangaza kwamba Kenya itaipiga Uganda: "Siku tatu tumemaliza." Jana mmoja amethubutu kuleta vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin 1978-79, kama ushahidi. Eti Tanzania ilishinda kwa sababu Amin alikuwa mjinga na Watanzania walikuwa majasiri. Basi. Vita vya miezi saba amevimaliza kwa sentensi moja, na watu wakampigia makofi!

Jameni, kuhesabu ndege ili ujue nani atashinda ni kama kuhesabu sufuria jikoni ukatangaza kwamba watoto wameshiba. Amin alikuwa na ndege. Alikuwa na ndege za kivita za MiG za Mrusi, vifaru na magari ya deraya. Mwisho wa Oktoba 1978 jeshi lake liliingia Tanzania likachukua eneo lote kati ya mpaka na mto Kagera, kilomita za mraba kama 1,800, na tarehe 1 Novemba likatangaza kwamba hiyo sasa ni Uganda. Kwa hesabu zenu, mechi ingeishia hapo.

Na baada ya kuteka walifanya nini? Waliiba. Ng'ombe, magari, mali ya kiwanda cha sukari. Daraja la Kyaka wakalivunja wakidhani mto utawalinda. Hilo lilikuwa jeshi lililoanza kujitafuna tangu 1971, pale Amin alipopindua serikali na askari Waacholi na Walango wakauawa kambini kwa mamia. Kufika 1978 maafisa walikuwa wanaogopana wao kwa wao kuliko walivyomwogopa adui. Pesa za kuwalipa zilitoka kwa kahawa, na Oktoba hiyo hiyo Marekani ikapiga marufuku biashara na Uganda. Wekeni hilo kwenye orodha yenu ya vifaru.

Upande wa pili, Nyerere alianza na malori. Ndiyo, malori! Magari ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na chakula. Reli ikawafikisha Mwanza, meli zikavusha ziwa hadi Bukoba. Mgambo, polisi na askari magereza wakaitwa vitani, na jeshi ambalo halikufika elfu hamsini likapita laki moja ndani ya miezi michache. Kyaka wakaweka daraja la muda wakavuka. Anayetaka kujua kwa nini Tanzania ilishinda aache kutafuta shujaa, atafute dereva na mpishi.

Ushujaa nao tuutazame vizuri, maana hapa ndipo mnaponichosha zaidi. Machi 1979, Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Gaddafi wa Libya ameshamletea Amin askari na makombora. Brigedi ya 201 ya JWTZ, jeshi la Tanzania, iliyojaa mgambo wageni wa vita, ikasikia ule mngurumo ikatawanyika, ikakimbia! Makombora yenyewe mengi yalipita juu tu. Siku hiyo Walibya wangeweza kusonga mbele, hawakusonga. Makamanda wa Tanzania wakaiita Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali kaskazini magharibi, ikazunguka usiku, na kesho yake ikawatokea Walibya na askari wa Amin kwa nyuma huku wenzao wakirudi kuwapiga kwa mbele. Lukaya ikaokolewa na redio, ramani, na afisa aliyeamini kwamba akitoa amri itafuatwa. Baada ya hapo jeshi la Amin halikusimama tena imara. Tarehe 11 Aprili Kampala ikawa imeanguka.

Tena hawakuingia peke yao. Waliingia na Waganda waliokuwa uhamishoni, watu wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na kundi la Museveni, na vijijini wananchi waliwapokea. Amin alikuwa anapigana katika nchi yake mwenyewe na hakuna aliyetaka kumficha. (Kama unadhani silaha nzito na tajiri wa kukupa risasi vinatosha, waulize wazee Wasomali wa Isili, Eastleigh hapa Nairobi, kuhusu Ogaden, eneo la Ethiopia: Somalia iliuteka mji wa Jijiga huko 1977, Msovieti akahamia upande wa Ethiopia, Wakuba wakamiminika, na Machi 1978 Siad Barre akawa anaondoa majeshi yake.)

Na sisi Wakenya tunasahau haraka, bana. Februari 1976 huyo huyo Amin alidai ardhi yetu ya magharibi mpaka kilomita 32 hivi kutoka Nairobi hii. Hatukumrukia kwa ndege. Mizigo yake ilikuwa inapita Mombasa, na yeye alilijua hilo. Akarudi nyuma mwenyewe.

Halafu bili. Hakuna anayeibandika bili! Tanzania ilibaki na askari Uganda hadi 1981, hazina ikiwa tupu. Miaka iliyofuata Watanzania walipanga foleni za sukari na sabuni, na 1983 serikali yao ikawa inawasaka wahujumu uchumi. Huyo ndiye mshindi, tena mshindi aliyekuwa na haki upande wake.

Sasa wewe wa "siku tatu", ambaye unataka tupigane kwa ajili ya jiwe lisilofika ekari moja, kabla hujafungua uzi mwingine utuandikie mambo mawili tu: mafuta yatafika ziwani kwa malori ya nani, na nani atawapikia askari wako siku ya nne. Ukishindwa, admini naomba huo uzi uhamishiwe kule kwa vichekesho.