Ngome za Mfaransa, ilikuaje Mjerumani akapita?

Mtu wa Wete: Asalaam alaykum, mwanangu wa skuli kaniuliza, Mfaransa kajenga ngome za Maginot mpakani kwa mapesa chungu nzima sasa ilikuaje 1940 Mjerumani akaingia mpaka Paris?

Mkunazini: Waalaykum salaam sheikh. Zilizungukwa zile. Mjerumani kapitia Ubelgiji na msitu wa Ardennes, Mfaransa kaweka askari dhaifu pale mana kaona vifaru havitopita upesi, 13 Mei wakavuka mto Meuse pale Sedan, 14 Juni washaingia Paris.

Bibi wa Chake: Lakini msiwalaumu bure jamani, vita vya 1914-18 viliwamalizia vijana zaidi ya milioni, Verdun peke yake miezi kumi ya mizinga, nani angetaka tena? Na ngome zenyewe zilikua kazi kwelikweli, ile ya Schoenenbourg chini ya ardhi mna jiko, umeme wao wenyewe na kireli cha kubebea makombora. Ilipigwa mabomu wallahi lakini haikuanguka, waliikabidhi 1 Julai kwa amri, nchi ishasalimu zamani.

Mtu wa Wete: Shukran. Na upande wa Ubelgiji mbona hawakuuziba?

Mkunazini: Ubelgiji alikua mshirika wao mpaka 1936, ndo akajitoa.